Ametulia

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na neno moja la kupimia hali ya mjomba: ametulia. Nikirudi shule, kabla hata shikamoo yangu haijaitikiwa, ananiwahi mlangoni na kuninong'oneza, "Leo ametulia," nami naelewa kwamba viatu navua nje, redio siigusi, na mpira nikauchezee kwa jirani. Mjomba kalala. Kama hakutulia, bibi hakuwa na haja ya kusema. Ningemsikia tangu kona ya barabara.

Alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ya miguu ilikaa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, ambako barabara zinaitwa kwa namba kama madarasa, na sifa yake ilifika barabara za mbali kidogo. Lakini alikuwa na misimu miwili. Katika msimu wa kwanza cherehani haikulala. Alishona usiku kucha, akaongea usiku kucha, akakopa samaki wa mtaa mzima na kuwagawia watu waliokwisha kula. Bwana harusi mmoja alishonewa kanzu yenye mifuko tisa, na mjomba alikuwa na sababu ya kila mfuko. Msimu wa pili ulikuwa mgongo. Alilala ameelekea ukutani, na kwa wiki nzima nilichokiona cha mjomba wangu ni mgongo na nyayo. Vitambaa vya wateja vilirundikana, wenyewe wakaja kuvichukua kimyakimya, kama watu wanaotoka msibani.

Maelezo hayakukosekana. Wengine walisema jini, wengine walisema mke wa kwanza kamroga. Alinyweshwa kombe, naikumbuka sahani nyeupe na maandishi ya zafarani yakiyeyuka kwenye maji. Kisha jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akaleta wazo la vidonge vya usingizi. Wa kutumwa dukani nikawa mimi. Duka la dawa baridi halikuniuliza cheti, halikuniuliza umri. Muuzaji alihesabu vidonge kwa ncha ya kisu, akavifunga kwenye karatasi ya daftari, nikarudi navyo mfukoni pamoja na chenji.

Vikafanya kazi, na ndiyo shida yenyewe. Usiku wa kwanza nyumba nzima ililala. Bibi aliamka asubuhi uso umenyooka kama wa mtu aliyelipwa deni. Kidonge kimoja kikawa viwili, baada ya miezi vikawa vitatu, na mjomba akawa mtu wa kukaa kwenye mkeka, mdomo wazi kidogo, akimwangalia kuku apite.

Leo nafundisha baiolojia sekondari. Kwa miaka mingi niliufundisha ubongo kama mchoro wa kupaka rangi: huku kuona, huku kusikia, chora mshale. Kilichonigeuza ni hesabu ya chakula chake. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, yaani kama asilimia 2 ya mwili, lakini mwili ukiwa umepumzika, karibu asilimia 20 ya nishati yake yote inaliwa na huo mzigo mdogo. Kwa siku unamaliza glukosi gramu 120 hivi. Nikiwaambia wanafunzi wazipime kwa vijiko vya chai vya sukari wanafika 25 au zaidi, na darasa linaguna. Tena hauna ghala la maana. Damu ikikatika kuufikia, fahamu zinapotea ndani ya sekunde kama kumi.

Na sehemu kubwa ya chakula hicho haiendi kwenye mawazo makubwa. Inaenda kwenye kibarua cha kusukuma chumvi. Kila seli ya neva ikituma ishara, sodiamu inaingia ndani na potasiamu inatoka, na lazima zirudishwe zilikotoka ili ishara nyingine ipite. Ni kama baharia kwenye mtumbwi unaovuja, anakumba maji usiku na mchana. Akichoka, chombo kinazama. Kwa hiyo ukipima sukari inayoliwa na kipande fulani cha ubongo, umepima, kwa njia ya kuzunguka, kelele ya mazungumzo ya hapo.

Watu walianza kuupima ulaji huo kwa namba katika miaka ya 1940, kule Philadelphia. Seymour Kety na Carl Schmidt walimvutisha mtu gesi kidogo ya naitrasi oksaidi, wakachukua damu inayokwenda kichwani na ile inayotoka kupitia mshipa wa shingo, wakapiga hesabu ya tofauti. Mwaka 1948 Kety na wenzake wakawapima wagonjwa wa skizofrenia, wale wanaosikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo. Mtu angetarajia ubongo ule uwe unawaka moto, au uwe umezimika. Haukuwa hivi wala vile. Oksijeni iliyotumika ilikuwa sawa na ya mtu mwenye akili timamu. Wazo la kichaa na wazo la busara bei yake ni moja.

Nilisoma hilo nikiwa kwenye daladala, nikapitilizwa kituo.

Maana mimi nililelewa kuamini kwamba mgonjwa wa akili ana kitu kimezidi, na tiba ni kukipunguza. Ndivyo bibi alivyoamini, na muuzaji dawa, na mtaa mzima. Kumbe kipimo cha Kety kilikuwa kama kusoma LUKU ya nyumba: unajua yuniti ngapi zimeliwa, hujui taa ya chumba kipi inawaka na kipi kiko gizani. Jumla ilikuwa sawa. Mgawanyo ndio ulikuwa bado haujaonekana.

Kuona mgawanyo kulihitaji ujanja mwingine. Louis Sokoloff, aliyewahi kufanya kazi na Kety, alitumia sukari ya uongo, inayofanana na glukosi kiasi kwamba seli inaifungulia mlango, lakini ikishaingia haiwezi kusagwa mpaka mwisho, basi inanasa humohumo. Ukiipachika chembe ya mionzi, unaona imenasa wapi na kwa wingi gani. Agosti 1976, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, binadamu wa kwanza akachomwa sukari ya namna hiyo. Napenda kisa cha usafirishaji wake. Ilitengenezwa kwenye maabara ya Brookhaven, karibu na New York, ikapakiwa ndegeni kwenda Philadelphia, na kila baada ya dakika 110 nusu ya mionzi yake ilikuwa imekwisha. Aliyewahi kupeleka samaki Korogwe bila barafu anaielewa haraka hiyo.

Mwaka 1985 Lewis Baxter na wenzake wa Los Angeles wakawaweka chini ya mashine inayosoma mionzi hiyo wagonjwa wenye misimu kama ya mjomba. Ugonjwa huo madaktari wanauita baipola. Mgonjwa akiwa kwenye sonona, yaani msimu wa huzuni nzito, ubongo wake mzima ulikula sukari kidogo. Akiingia kwenye msimu wa furaha kali, ulaji ukapanda. Nilipoziona picha za namna hiyo, bluu kwa njaa na nyekundu kwa shibe, niliona mgongo na cherehani. Katika sonona, kinachopungua zaidi katika tafiti nyingi ni sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ile ya kupanga na kuanza jambo. Huwa nawaza juu ya watu waliosimama mlangoni kwa mjomba na kumwambia "jikaze, wewe mwanaume". Walikuwa wanamwomba atumie kiungo kilekile kilichokuwa na njaa.

Nisiuze picha hizo kuliko thamani yake. Ni wastani wa makundi. Hakuna daktari anayeweza kukutazama wewe peke yako kwenye mashine hiyo akasema una sonona. Na mtu aliyelala wiki nzima bila kula vizuri wala kuongea na mtu atakuwa na ubongo usiochangamka hata kwa sababu hiyo tu, hivyo kipi kimemzaa mwenziwe si rahisi kusema. Mashine zenyewe siku hizi zipo hata Nairobi, lakini kazi yake kubwa ni kutafuta saratani, kwa kuwa nayo ina uroho wa sukari.

Baxter huyohuyo alichapisha jambo jingine mwaka 1992, na kwangu linazidi lile la kwanza. Alichukua watu wenye ugonjwa wa kurudiarudia, kama kunawa mikono mara mia. Baadhi walipewa dawa, baadhi walifundishwa tu, kwa mazoezi na mazungumzo, kuvumilia wasiwasi bila kunawa. Kwa waliopata nafuu, kijisehemu kimoja cha ndani ya ubongo, upande wa kulia, kilipunguza ulaji. Waliomeza vidonge na waliozungumza, wote wawili. Maneno yalifika kwenye sukari.

Sasa vidonge vya mjomba. Jina lake ni diazepamu, ilianza kuuzwa mwaka 1963, na inafanya kazi kupitia kemikali ambayo ubongo wenyewe unaitengeneza, inayoitwa GABA. Kazi ya GABA ni kuiambia seli ya jirani inyamaze. Inafungua kijimlango, kloraidi inaingia, seli inazidi kuwa ngumu kuamshwa. Diazepamu haifungui mlango huo yenyewe. Inaufanya uitikie wito kwa urahisi zaidi, ufunguke mara nyingi zaidi. Babu zake, dawa za jamii ya fenobabitoni, zinauacha wazi muda mrefu, na zikizidi zinaufungua hata bila wito, ndiyo maana zinaua upesi. Diazepamu peke yake ni nadra kuua mtu mzima. Ikikutana na pombe au na unga, yaani heroini, hapo ni habari nyingine, maana sehemu inayokumbusha mapafu kuvuta pumzi nayo inaambiwa inyamaze, na inatii.

Seli iliyonyamaza haina chumvi nyingi ya kusukuma, kwa hiyo inakula kidogo. Chumba cha upasuaji kinaonyesha hilo waziwazi: mwaka 1995 watafiti wa California walipima watu waliolazwa usingizi kwa propofoli, ulaji wa sukari wa ubongo mzima ukashuka kwa asilimia kama 55. Mofini, binamu wa heroini, ilipopimwa iliushusha kwa asilimia kama 10. Lorazepamu, ndugu wa karibu wa diazepamu, ilipunguza zaidi thalamasi, kituo kikuu ambacho karibu habari zote za nje hupitia, na kadiri thalamasi ilivyoshuka ndivyo mtu alivyosinzia. Ndipo nilipokielewa kile kitazamo cha mjomba kwa kuku. Kuku alikuwa anafika machoni, lakini habari zake zilikuwa zimekwama stendi.

Pombe ina kituko chake. Nora Volkow, ambaye utafiti wake mwingi wa kupiga picha ulifanyika kulekule Brookhaven, aliona na wenzake kwamba mtu akinywa, ubongo wake unapunguza kula glukosi, lakini haukai na njaa: ini linaivunja pombe mpaka inakuwa asetati, na ubongo unaila hiyo badala yake. Kwa mnywaji wa kila siku ubongo unaizoea. Siku akiacha, asetati imekatika ghafla. Kuna watafiti wanaodhani hiyo ni sehemu ya mateso ya kuacha pombe, na sisi wa pwani tunaoijua arosto, yale mateso ya kukosa dawa, kwa watumiaji wa unga hatuhitaji kushawishiwa sana kwamba mwili unadai kilichozoeleka.

Haya ndiyo niliyotaka kuyafikia. Dawa ya usingizi haiendi chumba chenye shida. Inapita nyumba nzima, ikipunguza taa chumba baada ya chumba, na chumba cha mbele kilichokuwa na giza tangu sonona kinazidi giza. Ukiwa umesimama nje barabarani unaona nyumba imetulia. Hata usingizi wake si usingizi tunaoufikiria. Usingizi mzito wa kawaida ni mapumziko ya kweli. Ulaji wa sukari unashuka kwa asilimia kama 40, kisha kwenye ndoto unarudi juu karibu kama wa mtu aliye macho, na usiku unapanda na kushuka hivyo mpaka alfajiri. Diazepamu na ndugu zake huongeza saa za kulala lakini hupunguza kile kipande kizito kabisa. Mjomba alikuwa analala kwa muda wa saa kumi na mbili, anaamka amechoka, nasi tukimwona mvivu.

Dawa yenyewe sina ugomvi nayo, na nitaeleza kwa nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, watu waliokuwa wanatengwa na kuungua motoni wakapewa fenobabitoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, na wengi wao maisha yakabadilika. Kutuliza kuna mahali pake.

Mwaka mmoja Ramadhani ilipokaribia, mjomba alisema jambo ambalo hakuwa amelisema kwa muda mrefu: anataka kushona kanzu za Idi. Hakumshauri mtu. Alikwenda chooni na vidonge vyote, akavimwaga. Bibi alipogundua aliogopa, lakini pia alifurahi, nami nilifurahi, kwa kuwa mtu aliyekuwa mgongo alikuwa amekaa mbele ya cherehani.

Usiku wa pili hakulala. Wa tatu hakulala. Mikono ilitetemeka hadi hakuweza kutunga uzi kwenye sindano, akaniita, "Mjomba, njoo nitungie," maana sisi tuliitana hivyo pande zote mbili. Jasho lilimtoka asubuhi ya baridi. Akasema mwanga unapiga kelele. Mtaa ukasema jini limerudi. Siku ya sita, baada ya alasiri, alianguka pale pale barazani, akakakamaa, miguu ikapiga kwenye chuma cha cherehani, povu likamtoka.

Leo naweza kueleza. Ubongo unaoambiwa unyamaze kila siku hauketi ukakubali. Milango ya kloraidi inalegeza utii wake, na upande wa kelele, wa kemikali iitwayo glutameti, unaongeza sauti ili usikike. Mtu na dawa wanakaa kwenye mizani: dawa inavuta huku, ubongo unavuta kule. Ondoa dawa kwa mkupuo mmoja na anayevuta upande wa pili anaanguka chali. Kwa diazepamu anguko hilo huchelewa siku kadhaa, kwani inatoka mwilini polepole, na ndiyo maana hakuna aliyekumbuka vidonge tulipokuwa tunamwita shekhe.

Tulimpakia teksi. Hospitali alianguka tena, juu ya kitanda, wakamchoma sindano, mwili ukaachia kama kamba iliyokatwa. Miaka mingi baadaye nikajua kwamba dawa inayotumika sana kukata kifafa kinachoendelea ni diazepamu. Yaelekea ndiyo iliyokuwa kwenye bomba lile: kilekile alichokimwaga chooni.

Daktari aliyemwona kesho yake alituuliza anatumia nini. Bibi akasema hatumii kitu. Mimi, mtoto, nikasema, "Vidonge vya usingizi, vitatu, na mimi ndiye ninayevinunua." Bibi hakunitazama. Daktari hakufoka. Alisema huyu hana kifafa, amekatiwa dawa ghafla.

"Nimejikatia mwenyewe, daktari," mjomba akasema kutoka kitandani.

Wakamrudishia diazepamu, kwa mpango wa kushuka polepole kwa miezi, na wakamwanzishia kabamazepini, dawa ya kifafa ambayo hutumika pia kwa ugonjwa wake. Kwa mara ya kwanza ugonjwa huo ulipewa jina nyumbani kwetu. Jina lilimfurahisha mjomba kuliko nilivyotegemea. Alilirudia mara kadhaa, kama anajaribu kitambaa kipya vidoleni.

Kushuka kulikuwa kazi ya fundi. Vidonge vilikatwa nusu, baadaye robo, kwa wembe wake wa kufumulia mishono, na kila kipande alichomeza alipiga alama ya chaki ya kushonea ukutani nyuma ya cherehani. Zilikuwa wiki mbaya nyingi. Mara mbili alirudi hatua moja juu, na daktari akasema si dhambi. Bibi hakuwa tena na neno la kuniambia mlangoni. Alikuwa akinijibu tu shikamoo.

Robo ya mwisho aliimeza mwishoni mwa Desemba. Baada ya wiki moja na siku kadhaa, saa saba za usiku, nikaamshwa na cherehani. Umeme ulikuwa umekatika, na ule mlio wa kanyagio ulijaza nyumba: msimu wa kwanza umerudi. Nilitoka nikamkuta bibi keshafika mlangoni, kanga begani, mkono kifuani.

"Baba," akamwita mwanawe, "kuna nini?"

Mjomba alikuwa ameinamia sketi ndogo ya buluu, akipapasa pindo kwa vidole gizani. "Shule zinafunguliwa kesho, mama. Mtoto wa watu atavaa nini?"

Bibi alisimama pale muda mrefu, akisikiliza. Kisha akaenda jikoni, akarudi na chemli, akakaa chini kwenye mkeka kummulikia.